Rekodi, Tukio na Ukweli: Maadili ya Usikilizaji katika Simfonia za Mahler na Opera za Wagner

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kukubaliana, kwa kiasi kikubwa, kwamba utendaji si pambo la matini bali ni sehemu ya uhai wake. Ngano iliyochapishwa bila sauti ya fanani, bila viitikio vya hadhira na bila usiku ule iliposimuliwa, ni ngano iliyopungukiwa. Nadharia ya fasihi andishi, kwa upande wake, humruhusu msomaji kuishughulikia matini kana kwamba ilizaliwa pale pale ilipopigwa chapa. Kati ya kambi hizi mbili kuna kitu cha tatu ambacho uhakiki wa Kiswahili haujakipa nafasi inayostahiki, nacho ni rekodi. Rekodi si maandishi, kwa kuwa hakuna anayeisoma. Wala si utendaji, kwa kuwa utendaji hutokea mara moja ukatoweka. Ni tukio moja lililotiwa ndani ya sahani au utepe, likaweza kurudiwa mara elfu bila kubadilika hata kwa pumzi moja, mbele ya watu ambao mtendaji hakuwajua wala hakuwakusudia.

Makala hii inachunguza suala moja la kimaadili linalotokana na hali hiyo. Mpenzi wa muziki anaposhika rekodi moja miongoni mwa nyingi za kazi ileile, akatamka kwamba hii ndiyo bora, anahukumu nini hasa? Je, anayoyajua kuhusu siku ya kurekodiwa, kuhusu waliopiga na yaliyowafika baadaye, yana haki ya kuingia katika hukumu hiyo? Na kama yana haki, je, yanaingia kama sauti au kama hadithi inayosimuliwa juu ya sauti?

Muziki wa Ulaya wa mwishomwisho wa kipindi cha ulimbwende unafaa kwa uchunguzi huu kuliko muziki mwingine wowote. Kazi zenyewe ni ndefu na ni nzito, nota zake zimeandikwa kwa maelekezo tele, na kila moja ina rekodi kwa makumi. Nota hazibadiliki, ilhali rekodi hazifanani. (Yafaa kueleza mapema kwamba anayesimama mbele ya okestra na kijiti mkononi ataitwa hapa kiongozi. Neno “kondakta” limekwisha kuchukuliwa na matatu, na kulirudisha jukwaani ni kazi bure.)

Vienna, Januari 1938

Gustav Mahler alifariki tarehe 18 Mei 1911 bila kuisikia Simfonia yake ya Tisa ikipigwa. Mwanafunzi na rafiki yake, Bruno Walter, ndiye aliyeiongoza kwa mara ya kwanza mjini Vienna, Juni 1912. Miaka 26 baadaye, tarehe 16 Januari 1938, Walter huyohuyo aliiongoza tena mjini humo, mbele ya okestra ileile ya Vienna Philharmonic, katika ukumbi wa Musikverein. Mafundi wa HMV walikuwapo na mitambo yao, na tamasha hilo likatolewa katika sahani kumi, yaani kurasa ishirini za santuri. Kiti cha mpiga fidla mkuu kilikuwa cha Arnold Rosé, mume wa dada yake Mahler. Wiki nane baadaye, tarehe 12 Machi, majeshi ya Hitler yaliingia Austria.

Yaliyofuata yanajulikana. Walter, aliyekuwa Myahudi, hakurudi kuishi Vienna. Alichukua uraia wa Ufaransa kisha akahamia Marekani. Rosé, mzee aliyekuwa ameitumikia okestra hiyo kwa zaidi ya nusu karne, alikimbilia London na kufia huko mwaka 1946. Binti yake Alma, naye mpiga fidla, aliongoza okestra ya wanawake wafungwa katika kambi ya Auschwitz-Birkenau, na hakutoka humo hai. Alifariki Aprili 1944. Wanamuziki wa Kiyahudi wa okestra walifukuzwa, na watano kati yao walifia kambini.

Si ajabu basi kwamba rekodi hii imejengewa hekalu. Inaandikwa na kusemwa kila mara kwamba hofu inasikika ndani yake. Kwamba kasi ya sehemu ya kwanza ni kasi ya watu wanaokimbia. Kwamba wapiga fidla katika sehemu ya mwisho wanauaga mji wao. Ushahidi unaotolewa ni saa. Walter wa 1938 aliimaliza simfonia nzima kwa dakika 70 hivi, na sehemu ya mwisho kwa dakika 18 tu. Leonard Bernstein, alipoirekodi Amsterdam mwaka 1985, aliivuta sehemu hiyo hiyo ya mwisho hadi karibu dakika 30. Walter mwenyewe aliporudia kuirekodi nchini Marekani mwaka 1961 alitumia dakika kama kumi zaidi kwa jumla. Hoja inayojengwa ni nyepesi: mwaka 1961 palikuwa na amani, ndiyo maana mzee alitembea, mwaka 1938 palikuwa na hatari, ndiyo maana alikimbia.

Hoja hiyo haisimami. Siku moja kabla ya tamasha, yaani tarehe 15 Januari 1938, Walter na okestra hiyo walirekodi kipande kingine cha Mahler, ile Adagietto ya Simfonia ya Tano, kwa dakika nane hivi. Kwa masikio yaliyozoea Herbert von Karajan, ambaye katika rekodi yake ya mwaka 1973 alikikokota kipande hicho hadi karibu dakika 12, hizo nane nazo zinasikika kama mbio. Lakini Willem Mengelberg alikirekodi kipande hichohicho Amsterdam mwaka 1926 kwa dakika saba tu. Amsterdam ya mwaka 1926 haikuwa na hofu yoyote ya namna hiyo. Mengelberg na Walter ndio viongozi wawili wakuu waliomjua Mahler kwa karibu na ambao sauti zao zimehifadhiwa, na wote wawili walikwenda kwa kasi hiyo. Kinachosikika mwaka 1938, basi, ni desturi ya kizazi cha watu waliomwona Mahler akiongoza, si mapigo ya moyo wa mtu anayefukuzwa. Kilichobadilika baadaye ni desturi. Walter wa mwaka 1961 alikuwa na umri wa miaka 84, na wazee hutembea polepole pasipo sababu ya kisiasa.

Kuna jambo jingine zito zaidi ya saa. Mwaka 2013 wanahistoria waliopewa ruhusa ya kuzipekua nyaraka za Vienna Philharmonic walitoa ripoti yao. Ilibainika kwamba kufikia mwaka 1942, wanamuziki 60 kati ya 123 wa okestra hiyo walikuwa wanachama wa chama cha Nazi, na kwamba baadhi yao walijiunga hata kabla ya mwaka 1938, wakati chama hicho kilipokuwa kimepigwa marufuku nchini Austria. Maana yake ni kwamba jioni ile ya Januari waliokuwa wakingojea kufukuzwa na waliokuwa wakingojea kufukuza walikaa safu moja, wakasoma karatasi moja ya nota juu ya kiegemeo kimoja, na pinde za fidla zao zikapanda na kushuka pamoja. Ukurasa wa mwisho wa simfonia hiyo, ambao Mahler ameagiza upigwe kwa kufifia hadi kufa, ulipigwa na pande zote mbili kwa upole uleule. Anayedai kuisikia hofu na aonyeshe ni katika fidla ipi. Na akishaionyesha, aonyeshe na ile inayosubiri kwa hamu.

Hapa ndipo ubaya wa kimaadili unapojificha. Msikilizaji anayesema kwamba rekodi ya mwaka 1938 inampendeza zaidi kwa sababu ya yaliyowafika waliomo, amewafanya marehemu kuwa kiungo cha mchuzi. Ladha ni yake. Mauti ni ya wengine. Tena anawanyima watu hao kitu kidogo walichokuwa nacho siku ile, yaani kutojua. Rosé hakuketi pale kama mhamishwa. Aliketi kama mpiga fidla aliyekuwa na kazi mbele yake, na kazi hiyo aliifanya vizuri.

Mfano wa nyumbani unaweza kusaidia kuonyesha tofauti. Katika Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, msomaji anajua kwamba mtunzi ni mgonjwa, na ujuzi huo unabadili kila ushauri anaompa bintiye. Lakini Mwana Kupona mwenyewe ndiye anayeyataja maradhi yake ndani ya utendi. Ugonjwa ni sehemu ya matini. Msomaji hakuuleta kutoka nje. Katika rekodi ya Vienna msiba haumo. Umewekwa na miaka iliyofuata, na msikilizaji ndiye aliyeubeba mlangoni na kuuingiza ukumbini.

Upande wa Pili wa Mizani

Iwapo mateso ya baadaye hayasikiki, basi haki inadai kwamba na makosa ya baadaye yasisikike. Wengi wanaoikubali hoja ya kwanza huanza kusita wanapofikia ya pili, na hapo Mengelberg anarudi.

Tarehe 9 Novemba 1939, mjini Amsterdam, Mengelberg aliongoza Simfonia ya Nne ya Mahler mbele ya okestra yake ya Concertgebouw, na Jo Vincent akaimba wimbo wa mwisho, ule unaoiona mbingu kwa macho ya mtoto. Tamasha lilitangazwa redioni na likahifadhiwa. Hakuna rekodi ya kale ya simfonia kamili ya Mahler inayomsogeza msikilizaji karibu zaidi na mtunzi. Mahler alikwenda Amsterdam Oktoba 1904 akaiongoza simfonia hiyo mara mbili katika jioni moja, kabla na baada ya mapumziko, na Mengelberg, mwenyeji wake, aliijaza nakala yake ya nota kwa alama na maelezo. Mwaka 1920 ni Mengelberg aliyeandaa sherehe kubwa ya kazi za Mahler mjini humo. Rekodi inaanza kwa mlio wa kengele ndogo, mithili ya njuga, kisha, pale fidla zinapoingia na wimbo wao, Mengelberg anaivuta kasi nyuma kiasi kwamba msikilizaji wa leo hudhani chombo kimeharibika. Hakijaharibika. Ni mwongozaji anayemshika msikilizaji mkono kama fanani mzoefu anayenyamaza kidogo kabla ya kulitaja jina la jini. Baadhi ya wahakiki huuona mvuto huo kuwa umepita kiasi. Hata hivyo, viongozi walioupunguza kwa jina la uaminifu kwa nota wameupoteza ucheshi wa ukurasa ule, na Mahler alikuwa mcheshi kuliko wafuasi wake.

Miezi sita baadaye Uholanzi ilivamiwa. Muziki wa Mahler, kwa kuwa Mahler alizaliwa Myahudi, ulipigwa marufuku. Mengelberg hakuacha kazi. Aliendelea kuongoza Amsterdam, akaongoza pia Ujerumani, akapokea heshima kutoka kwa wavamizi. Baada ya vita alikatazwa kuongoza muziki nchini mwake. Adhabu hiyo ilipunguzwa ikawa ya miaka sita, naye akafariki Uswisi Machi 1951, mwaka uleule ambao adhabu ilikuwa iishe.

Je, rekodi ya Novemba 1939 inastahili kuwekwa kando? Jibu la makala hii ni kwamba haistahili, na sababu ni ileile iliyotolewa kuhusu Vienna. Kitendo hakirudi nyuma katika wakati na kuingia ndani ya sauti. Msikilizaji anayeusikia usaliti katika kengele zile anafanya kosa lilelile la anayeisikia hofu katika fidla za Walter, isipokuwa kwamba la kwanza linampa fahari ya uadilifu na la pili linampa fahari ya huruma. Kumsamehe Mengelberg ni shauri la Waholanzi. Kusikia kilichopo ni shauri la kila mwenye masikio.

Mtu atauliza: vipi pale ambapo uovu haukuja baadaye bali ulikuwapo wakati uleule, mlangoni na ukumbini? Swali hilo ni gumu, na hapana haja ya kulirahisisha. Tarehe 7 Oktoba 1944, mjini Berlin, Wilhelm Furtwängler aliiongoza Berlin Philharmonic katika Simfonia ya Tisa ya Anton Bruckner, kazi ambayo mtunzi aliiacha bila sehemu ya mwisho alipofariki mwaka 1896. Ukumbi wa okestra hiyo ulikuwa umekwisha kuteketezwa kwa mabomu mwezi Januari mwaka huohuo. Wanamuziki wake walikuwa wamesamehewa kwenda vitani, kwa sababu okestra ilikuwa mali ya dola na chombo cha Wizara ya Propaganda. Sauti ilinaswa kwa utepe wa sumaku, ufundi ambao Wajerumani waliutangulia ulimwengu. Tepu za wakati wa vita zilichukuliwa na Warusi mwaka 1945 zikapelekwa Moscow, na nakala za nyingi kati yake hazikurudi Berlin hadi mwaka 1987.

Furtwängler hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Mwaka 1934 alijiuzulu nyadhifa zake kumtetea mtunzi Paul Hindemith, kisha akarudi jukwaani mwaka uliofuata. Baada ya vita alishtakiwa mbele ya baraza la kuwachuja waliohusika na Wanazi, akaondolewa hatia. Lakini hoja haimhusu yeye peke yake. Kila nota ya jioni ile ya Oktoba ilipigwa na mtu ambaye mikono yake ilikuwa nyumbani kwa hisani ya dola hiyo, wakati mikono ya wengine ilikuwa ikichimba makaburi. Hali hiyo haikuletwa na msikilizaji kutoka nje, wala haikungojea miaka iliyofuata. Ilikuwamo katika utendaji kama ukumbi ulivyokuwamo.

Hata hapa, hata hivyo, uangalifu unahitajika. Karibu na mwisho wa sehemu ya tatu sauti zote zinapanda na kugongana katika mkwaruzano mmoja wa kutisha, kisha kimya. Ni rahisi mno kusema kwamba huo ni mwangwi wa Berlin inayoungua. Mkwaruzano huo aliuandika Bruckner, mzee mcha Mungu ambaye inasemekana aliitabaruku simfonia hiyo kwa Mola wake, naye alikuwa amelala kaburini miaka 48. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kidogo zaidi, nacho ni kwamba Furtwängler anauendea mkwaruzano huo kwa namna ambayo viongozi wa baadaye, wenye okestra safi zaidi na studio tulivu zaidi, hawakuthubutu: anaiharakisha okestra hadi inakaribia kuvunjika. Yamkini ni ujasiri wa sanaa. Yamkini ni mazoea ya watu waliokwisha kuzoea vitu kuvunjika. Msikilizaji hana njia ya kuvitenganisha. Anaweza kuikataa rekodi, na atakuwa na sababu ya kuheshimika. Akiipenda, na wako wengi wanaoipenda kuliko nyingine zote, basi aipende akijua kwamba hakuna pahali safi pa kusimama wakati wa kuisikiliza, na asijitafutie pahali hapo kwa kudai kwamba okestra ilikuwa ikililia dhambi za taifa. Hakuna nota inayosema hivyo.

Sauti Mbili, Jina Moja

Hadi hapa imechukuliwa kwamba nyuma ya kila rekodi kuna tukio. Opera inaivuruga dhana hiyo.

Juni 1952, mjini London, Furtwängler alirekodi Tristan und Isolde ya Richard Wagner pamoja na okestra ya Philharmonia. Isolde aliimbwa na Kirsten Flagstad, aliyekuwa na umri wa miaka 56, na ambaye sauti yake ilikuwa bado pana kama bahari lakini haikuifikia tena kwa usalama C ya juu, ambayo Isolde anahitaji mara mbili katika sehemu ya pili. Nota hizo mbili ziliimbwa na Elisabeth Schwarzkopf, aliyefunga ndoa mwaka uliofuata na Walter Legge, mtayarishaji wa rekodi hiyo. Hapakutolewa tangazo. Habari ilipovuja, Flagstad aliumia sana.

Nota mbili katika kazi ya zaidi ya saa nne! Ni kama nukta mbili za wino katika msahafu mzima. Hata hivyo, nota hizo zimezaa mabishano kuliko nyingine zote katika rekodi hiyo, na mabishano hayo si ya upuuzi. Hakuna anayesema kwamba zinasikika vibaya. Watu wengi hawangezitambua lau hawakuambiwa. Ubaya, kama upo, haumo katika sauti bali katika karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani. Karatasi inasema mwimbaji mmoja. Utepe unasema wawili. Mhariri wa utenzi wa kale anapojazia pengo la nakala moja kwa beti za nakala nyingine hatendi kosa, alimradi ataje katika dibaji. Asipotaja, beti ni zilezile, wazni ni uleule, lakini msomaji amedanganywa.

John Culshaw wa kampuni ya Decca alilikabili tatizo hilo kwa kuligeuza. Rekodi yake ya opera nne za Wagner ziitwazo Der Ring des Nibelungen, iliyofanywa Vienna kati ya 1958 na 1965 chini ya uongozi wa Georg Solti, haikujisingizia kuwa tamasha. Wagner aliagiza fuawe 18 kwa ajili ya viwanda vya vibeti katika Das Rheingold. Nyumba za opera, kwa ufinyu wa nafasi na wa fedha, aghalabu hupunguza au kubuni. Culshaw alizitafuta zote 18. Katika Götterdämmerung, pale Siegfried anapojigeuza na kuchukua umbo la Gunther, sauti ya Wolfgang Windgassen ilibadilishwa kwa mitambo ili isikike nzito kama ya baritoni. Hakuna ukumbi duniani ambamo jambo hilo lingetokea wakati huo. Ni uongo, bila shaka, lakini ni uongo wa aina ya bunilizi: umetangazwa, unajulikana, na unakubaliwa na pande zote mbili. Hapana msomaji anayemshtaki mwandishi wa riwaya kwa kuwa mazungumzo ya wahusika hayakutukia.

Mfano wa mbali kabisa ni Tristan ya Carlos Kleiber, iliyorekodiwa Dresden kati ya 1980 na 1982. Isolde wake, Margaret Price, hakuwahi kuimba sehemu hiyo jukwaani maishani mwake. Sauti yake nyororo isingeivuka okestra ya Wagner katika nyumba kubwa ya opera, maikrofoni iliivusha. Isolde huyo, kijana na mpole, mwenye maneno yanayosikika moja baada ya moja, hana mshindani katika rekodi yoyote, na hakuwahi kuwapo mahali popote. Ukimlinganisha na Birgit Nilsson, aliyeimba mbele ya hadhira ya Bayreuth mwaka 1966 chini ya Karl Böhm kwa sauti iliyopenya okestra kama mkuki, unalinganisha mhusika wa riwaya na mtu wa historia. Wanaobishana ni yupi aliye bora aghalabu hawajagundua kwamba hawazungumzi juu ya kitu kimoja. Nilsson ni ushahidi wa jambo lililotendeka. Price ni ushahidi wa jambo ambalo lisingetendeka, na kwa hiyo upungufu wake wa “ukweli” ndio umbuji wake.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina la kusema hapa, na kiungo chake si cha kubuni. Nembo ileile ya HMV iliyotiwa katika sahani za Vienna mwaka 1938 ilikuwa imekwisha kutiwa, miaka kumi kabla, katika sahani za Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Ukurasa wa santuri wa siku hizo ulibeba dakika tatu au nne hivi. Mahler alikatwa vipande ishirini na kuunganishwa tena. Taarabu haikukatwa vipande, ilifupishwa ikatoshea. Hadhira ya Unguja iliyozoea wimbo kurefushwa kadiri ya watunzaji na kadiri ya usiku, ilipokea kutoka Bombay wimbo uliokwisha kabla mtu hajasimama. Hayo si matamasha yaliyohifadhiwa. Ni kazi mpya zilizotungwa na chombo. Ajabu ni kwamba wahakiki wa nyimbo hizo bado wanazichambua kama matini simulizi, kana kwamba santuri ilikuwa dirisha tu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo za Siti kwa muda mrefu baadaye, kwa urefu autakao na kwa maneno yaliyotembea, na kwa namna fulani yeye ndiye aliyezirudisha katika utendaji zilikotolewa.

Kwa hiyo, anayeshika rekodi mkononi hana budi kujiuliza kwanza ni ya aina gani kabla ya kuuliza kama ni nzuri. Hilo halitaondoa ugumu wa Berlin ya mwaka 1944, ambako uzuri na hali yake vimefumwa katika kitambaa kimoja. Wala halimzuii mtu kuipenda ile ya Vienna. Na ipo sababu halali ya kuipenda, isiyohitaji msiba wa mtu yeyote. Wapiga fidla wale waliteleza kutoka nota moja hadi nyingine kwa namna waliyoirithi kutoka kwa okestra ya Mahler mwenyewe, nao wapiga fidla wa leo wamefundishwa kuiona namna hiyo kuwa uchafu. Katika kurasa za mwisho mitelezo hiyo husikika kama pumzi ya mtu anayezungumza.

Walter aliporudi kwenye simfonia hiyo mwanzoni mwa mwaka 1961, hakuwa na hadhira. Palikuwa na ukumbi mdogo California, na okestra ya wanamuziki waliokusanywa kwa ajili ya kurekodi tu. Kampuni iliacha tepu zizunguke wakati wa mazoezi pia, na mazoezi hayo yakachapishwa pamoja na simfonia. Mzee anasikika akiwasimamisha wapigaji, akiwaimbia kifungu kwa sauti yake iliyokwaruza, kisha akiwaomba wakirudie.